Kukosa nafasi ya udaktari wa mifugo ni kidonda, si kilema

Kila mwaka, matokeo ya uteuzi wa kujiunga na vyuo vikuu yatangazwapo, nyumba nyingi humu nchini hujaa vigelegele. Zipo nyingine ambazo siku hiyo huwa kimya. Kijana ameingia chumbani, amefunga mlango, na chakula chake kimepoa mezani. Hakuanguka mtihani. Alama zake ni nzuri, pengine B au hata B+, lakini hakupewa alichoomba. Alitaka kusomea udaktari wa mifugo, naye ameitwa kusomea kozi nyingine ambayo hakuifikiria hata siku moja.

Huenda msomaji akauliza jambo hili linaingiaje katika kurasa za afya. Linaingia kwa sababu wengi wa vijana hawa, baada ya majuma machache, hufika kwa daktari. Hawaji wakisema kwamba wamekataliwa. Huja wakisema kichwa chauma, tumbo lawaka, usingizi umepotea. Hupimwa malaria, homa ya matumbo na vidonda vya tumbo, na majibu yakarudi kwamba hakuna kitu. Pesa zimetumika, vidonge vimemezwa, na maradhi yako pale pale.

Ukweli ni kwamba kukataliwa ni kidonda. Kidonda kikioshwa na kufungwa vizuri hupona. Kikifichwa hutunga usaha. Kikichokonolewa kila siku hakifungi. Lakini kidonda si kilema, na kijana aliyekosa nafasi mwaka huu bado ana miguu yake miwili ya kutembelea maishani.

UCHUNGU WAKE NI WA KWELI

Wapo watu wazima wanaoshangaa. "Kwani kuna nini? Si amepata kozi nyingine?" husema. Hawajui kijana amepoteza nini.

Ni wachache wanaochagua udaktari wa mifugo kwa kubahatisha. Mara nyingi anayeutaka amelelewa karibu na ng'ombe wa maziwa kule Githunguri, au mbuzi na kondoo wa Kajiado, au alikuwa mtoto wa mtaani Nairobi aliyeokota kila paka mgonjwa aliyemkuta njiani. Tangu shule ya msingi watu wa nyumbani wamekuwa wakimwita "daktari wetu". Anapokosa nafasi hapotezi kozi tu. Anapoteza jina aliloitwa, na picha ya maisha aliyojichorea kwa miaka kumi. Ndiyo sababu huzuni yake hufanana na ya mtu aliyefiwa.

Wanasayansi nao wamelitazama jambo hili. Mwaka 2003 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Naomi Eisenberger na wenzake. Waliwalaza watu ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, wakawachezesha mchezo wa kurushiana mpira kwenye kompyuta. Ghafla wachezaji wengine waliacha kumrushia mpira yule aliyekuwa akichunguzwa. Picha zilionyesha kwamba sehemu ya ubongo ambayo hushughulika mtu anapoumia mwilini ilishughulika pia alipotengwa. Hii haina maana kwamba maumivu hayo mawili ni kitu kimoja. Ina maana kwamba mtu akisema kukataliwa "kumemuuma", hasemi kwa mafumbo tu.

MWILI NAO HUSEMA

Mtu anapopata pigo, mwili hujiandaa kana kwamba ameona simba. Homoni kama adrenalini humiminika katika damu. Moyo hupiga mbio, misuli ya shingo na mabega hukaza, na tumbo huacha kusaga chakula kwa utaratibu wake. Kama simba yupo kweli, mtu hukimbia na mambo yakaisha. Lakini simba akiwa ni ujumbe ulio kwenye simu, ujumbe anaoufungua na kuusoma mara ishirini kwa siku, mwili hubaki katika hali hiyo kwa majuma. Misuli iliyokaza huleta maumivu ya kichwa. Tumbo huwaka. Usingizi huja saa nane za usiku na kukatika saa kumi na moja alfajiri.

Msichana mmoja wa miaka 19 aliletwa kliniki na mamake.

"Daktari, mtoto huyu ana vidonda vya tumbo," mama alianza. "Mwezi mzima hali chochote."

Nilimwuliza binti maumivu yalianza lini. Alimtazama mamake kwanza, kisha akajibu kwa sauti ya chini: "Siku ile majibu ya chuo yalipotoka."

Mama aligeuka. "Mbona hukuniambia?"

"Mlisema nisilie, mama."

Alipimwa kama mgonjwa yeyote, na hapakuonekana ugonjwa wa tumbo. Hakutoka na mfuko wa dawa. Alitoka na ratiba ya kula na kulala, ruhusa ya kulia, na tarehe ya kurudi. Alipokuja mara ya tatu alikuwa amekwisha kuanza kula, na kazi ya kuamua la kufanya ilikuwa inaweza kuanza.

Hata hivyo, lisije likachukuliwa kwamba kila tumbo la aliyekosa chuo ni huzuni. Anayetapika damu, anayepata choo cheusi kama lami, mwenye homa, anayekonda upesi, au anayeumwa kichwa kwa ghafla na kutapika, hana budi kuchunguzwa hospitalini mara moja.

UTEUZI ULIPIMA NINI?

Sehemu kubwa ya uchungu hutokana na kudhani kwamba kukosa nafasi ni hukumu juu ya akili ya mtu. Yafaa basi kuelewa jinsi uteuzi unavyofanywa.

Taasisi ya KUCCPS, iliyochukua kazi ya ile Bodi ya Pamoja ya Uteuzi (JAB) baada ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, huwapanga waombaji wa kila kozi kwa pointi. Pointi hizo hutokana na masomo manne yanayohusiana na kozi, pamoja na matokeo ya jumla, na upeo wake ni 48. Aliye juu huchukuliwa kwanza, anafuata wa pili, hadi viti viishe. Pointi za yule wa mwisho kupata kiti ndizo huitwa kiwango cha mwisho cha mwaka huo. Yaani kiwango hicho hakikuandikwa mahali kabla ya mashindano. Huzaliwa na mashindano yenyewe, na mwaka unaofuata kinaweza kupanda au kushuka.

Sasa tazama idadi. Katika mtihani wa KCSE wa 2024, watahiniwa 246,391 walipata C+ na zaidi, alama ambayo ndiyo ya chini kabisa ya kuomba shahada. Vyuo vinavyofundisha udaktari wa mifugo humu nchini vinahesabika kwa vidole. Kinachojulikana zaidi ni Chuo Kikuu cha Nairobi kule Kabete, na Egerton pia hufundisha. Tena kozi hii ya miaka 5 haiwezi kupanuliwa kwa kuongeza viti ukumbini. Mwanafunzi sharti ashike mnyama, apasue chini ya mwalimu, aende mashambani na kwenye vichinjio. Mwalimu mmoja hawezi kuwasimamia wanafunzi mia moja wakimshona ng'ombe mmoja.

Kwa hiyo uteuzi ulipima pointi na viti. Haukupima upole wa mikono yako, wala uvumilivu wako, wala kama utaamka usiku wa manane kwenda kumzalisha ng'ombe wa mtu. Ulisema viti vimekwisha kabla ya kukufikia. Hilo linauma, lakini si sawa na kusema hufai.

MAJUMA MAWILI YA KWANZA

Ushauri wangu kwa vijana ni mmoja kabla ya mingine yote: katika majuma mawili ya kwanza usifanye uamuzi mkubwa ambao unaweza kungoja. Usikatae kozi uliyopewa kwa hasira, usiikubali kwa kukata tamaa, usiapishe mtu kwamba hutasoma tena. Angalia tu tarehe za mwisho zilizotangazwa, ziandike kwenye karatasi, na umpe mtu mmoja unayemwamini akukumbushe. Baada ya hapo fanya haya:

Kwanza, lia ukitaka kulia. Hili ni kwa wavulana pia. Machozi hayajamdhuru mtu, lakini kuyazuia kwa mwezi mzima kumewaleta wengi kliniki.

Pili, linda usingizi. Lala na uamke saa zile zile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Usilale mchana kutwa. Simu ilale chumba kingine. Kusoma saa sita za usiku majina ya wenzako walioitwa Kabete ni kukichokonoa kidonda.

Tatu, kula hata bila hamu. Uji, ndizi, yai, sahani ndogo mara nne kwa siku ni bora kuliko sahani kubwa inayorudi jikoni ilivyo.

Nne, toka nje. Tembea nusu saa kila siku kwa mwendo wa haraka. Misuli iliyokaza hulegea, na usingizi wa usiku hupatikana kwa urahisi zaidi.

Tano, epuka pombe, miraa, muguka na vidonge vya usingizi vya kununua bila cheti. Pombe hulaza mtu upesi na kumwamsha usiku akiwa na huzuni maradufu. Miraa na muguka hufukuza usingizi ambao tayari ni haba.

Sita, mwambie mtu. Si lazima awe mzazi. Awe dada, mjomba, mwalimu, au mchungaji au imamu wenu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na huzuni nayo ni maradhi ya kutofichwa.

NENO LA MZAZI

Mzazi naye huumia. Alilipa karo ya miaka minne, aliwaambia majirani, labda aliuza ndama ili mtoto apate masomo ya ziada likizoni. Uchungu wake mara nyingi hutoka kwa njia ya lawama. "Tulikwambia ushike kemia." "Mtoto wa fulani ameitwa." Au lile la kumliwaza msichana: "Hata hivyo kazi ya ng'ombe si ya wanawake." Hili la mwisho si kweli. Wanawake wengi ni madaktari wa mifugo nchini, na kusema hivyo ni kumkataa mtoto mara ya pili.

Kuna pia kosa la upole, nalo ni kuharakisha. Siku ile ile baba anakuja na orodha ya kozi tano nyingine na rafiki wa kumpigia simu. Ana nia njema, lakini mtoto husikia kwamba huzuni yake ni usumbufu.

Maneno yanayosaidia ni mafupi. "Najua ulikitaka sana. Pole, mwanangu." "Hatujaona aibu juu yako." "Juma lijalo tutakaa tuzungumze, si leo." Kisha mzazi anyamaze, akae karibu. Jamaa wakipiga simu kuuliza mtoto ameitwa wapi, mzazi ajibu mwenyewe. Si haki kijana aeleze kukosa kwake mara kumi kwa siku.

DALILI ZA HATARI

Huzuni ya kawaida huja kama mawimbi. Kijana hulia asubuhi, lakini jioni mdogo wake akimtania hucheka kidogo. Mawimbi hayo huendelea kupungua. Lakini zikipita wiki mbili na kila siku, karibu siku nzima, hana raha ya kitu chochote, usingizi na chakula vimeharibika, hawezi kutulia wala kusoma, na anajiona hafai kitu, huo huenda ukawa ugonjwa wa sonona. Si uvivu wala ukosefu wa imani. Una matibabu, ya mazungumzo na ya dawa, na kijana apelekwe hospitali.

Usingoje wiki mbili ukisikia maneno kama "mngekuwa na amani bila mimi", au ukimwona anagawa vitu vyake, anaaga watu, au ametulia ghafla baada ya siku nyingi za fadhaa. Muulize waziwazi: "Je, umefikiria kujiua?" Wengi huogopa kwamba swali hilo litampa mtu wazo ambalo hakuwa nalo. La hasha. Kuuliza humpa nafasi ya kusema. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hata dakika moja, na apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Nyumba zenye mifugo zina hatari moja ya ziada. Dawa ya kupe na dawa za kunyunyizia mimea mara nyingi hukaa darini au nyuma ya mlango wa jikoni. Ni sumu kali. Katika siku hizi ngumu zifungiwe kwa kufuli, na ufunguo akae nao mtu mwingine, au zipelekwe kwa jirani. Watu wengi waliofikia ukingo huo hukaa na wazo la kufa kwa muda mfupi tu; sumu ikiwa mbali, wengi wao huishi na kupona. Mtu akimeza sumu, usimlazimishe kutapika na usimpe maziwa. Mvue nguo zilizolowa, mwoshe ngozi kwa sabuni huku ukilinda mikono yako, mkimbize hospitalini, na ubebe chupa ile ili daktari aisome.

Zamani jamaa wengi waliogopa hospitali kwa sababu ya polisi. Mnamo Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakwenda kinyume cha Katiba. Hofu hiyo isimzuie mtu kutafuta msaada. Msalaba Mwekundu wa Kenya hupokea simu za watu wenye dhiki ya moyo bila malipo kwa nambari 1199, na walio chini ya miaka 18 wanaweza kupiga 116.

BAADA YA HAPO, NJIA ZIPI ZIPO?

Kidonda kikianza kukauka, ndipo mezani pawekwe karatasi na kalamu. Swali la kwanza lisiwe "niombe wapi tena?" Liwe "ni nini hasa nilichokipenda?" Je, ni wanyama wenyewe? Ni sayansi ya magonjwa? Ni kuwasaidia wafugaji? Ni jina la daktari? Ni mapato? Kila jibu lina njia yake.

Anayetaka kuwatibu wanyama na ana alama za kozi fupi anaweza kuangalia vyuo vya serikali vya AHITI, vilivyoko Kabete, Nyahururu na Ndomba. Wanaohitimu huko ndio wengi wa wale mfugaji huwaona kwanza ng'ombe akiugua. Sheria ya mwaka 2011 inayohusu madaktari wa mifugo inawatambua, na husajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo. Tena wapo walioendelea kutoka stashahada hadi shahada. Ni safari ndefu, lakini ni safari.

Aliyeitwa kusomea sayansi ya mifugo, biolojia, usimamizi wa wanyamapori, usalama wa vyakula au afya ya umma asidhani ametupwa mbali. Magonjwa mengi yanayotusumbua hutoka kwa wanyama: kimeta, kichaa cha mbwa, homa ya Bonde la Ufa. Ile homa ya Bonde la Ufa ilielezwa mara ya kwanza mwaka 1931 kutokana na kondoo waliokufa karibu na Naivasha. Watatu walioandika habari zake walikuwa Daubney na Hudson, waliokuwa madaktari wa mifugo wa Kabete, na Garnham, ambaye alikuwa daktari wa watu. Kazi hii tangu mwanzo imehitaji mikono ya taaluma mbalimbali. Ila kijana aambiwe ukweli: shahada ya sayansi ya mifugo haimfanyi mtu kuwa daktari wa mifugo, hata kama mtu wa kuuza kozi atasema vingine.

Ipo pia njia ya uhamisho, ambayo KUCCPS huifungua kwa kipindi maalumu. Humfaa aliyefikia kiwango cha mwisho cha kozi anayoitaka, na nafasi ikawepo. Asiyefikia haimsaidii, na asiwape pesa watu wanaodai wana "mtu wa ndani".

Wenye uwezo wa karo huangalia pia nchi jirani: Makerere kule Kampala na Sokoine kule Morogoro hufundisha kozi hii. Kabla ya kulipa hata shilingi, uliza Bodi ya Madaktari wa Mifugo hapa Nairobi kama shahada ya chuo hicho inakubaliwa.

Kuhusu kurudia KCSE, jiulize kama kuna sababu ya kuamini alama zitapanda: ulikuwa mgonjwa, shule haikuwa na mwalimu wa fizikia, ulifiwa. Kama hakuna lililobadilika, mwaka mwingine huweza kuleta alama zile zile na kidonda cha pili. Tena kundi la mwisho la mfumo wa 8-4-4 liliingia kidato cha kwanza mwaka 2024, hivyo anayetaka kurudia asikawie kuuliza.

Na kabla ya njia yoyote, nenda ukaione kazi yenyewe. Omba kufuatana na daktari wa mifugo au afisa wa mifugo wa kaunti kwa wiki moja. Utamwona akiwa matopeni, akikagua nyama alfajiri, akimweleza mama mjane kwamba ng'ombe wake wa pekee hataamka. Kazi hii ina uzito wake. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019, uliochunguza vifo vya madaktari wa mifugo kati ya 1979 na 2015, ulionyesha kwamba wanaume wa taaluma hiyo walijiua mara 2.1 zaidi ya wanaume wengine wa huko, na wanawake mara 3.5 zaidi. Sisemi hivi kumtisha mtu. Nasema kwamba hata aliyepata nafasi hawezi kuepuka kupoteza na kushindwa. Anayejifunza leo kubeba huzuni bila kuificha amejifunza kitu ambacho kazi hiyo itamdai.

ALIYEKATALIWA AKAINGIA KABETE

Upo mfano ulio karibu nasi. Mnamo Januari 1966 mwanamke kijana alirudi Nairobi kutoka Marekani akiwa na shahada mbili za biolojia na barua ya kumpa kazi ya usaidizi wa utafiti katika zuolojia chuoni. Alipofika aliambiwa kazi ile imepewa mtu mwingine. Alibaki bila kazi, akitafuta huku na huku. Baadaye Profesa Reinhold Hofmann, kutoka Ujerumani, alimchukua katika idara mpya ya anatomia ya wanyama, kwenye kitivo cha udaktari wa mifugo.

Hakuwa daktari wa mifugo, na hakupata kuwa. Lakini mwaka 1971 alipata shahada ya uzamifu, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na ya Kati kuipata. Mwaka 1976 aliteuliwa kuongoza idara hiyo hiyo. Wengi wetu twamjua kwa miti na kwa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2004: ni Wangari Maathai.

Mfano huu si ahadi kwamba kila aliyekosa nafasi atapata tuzo. Wengi wataishi maisha ya kawaida na mema katika kazi ambayo hawakuiota wakiwa kidato cha pili. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi huyo, hata hivyo, huruhusiwa kuisikitikia koleo yake kabla ya kutafuta nyingine.

Kwa hiyo mzazi, ikiwa mlango wa chumba cha mwanao umefungwa leo, bisha. Mpelekee chakula, keti ukingoni mwa kitanda, na usiseme mengi. Hesabu wiki mbili kutoka siku ya majibu. Ikiwa kufikia hapo hajaanza kula, kulala na kucheka japo kidogo, mlete kwa daktari, na umwambie daktari tangu mwanzo mtoto alikosa nini.